Tarehe Iliyo Chini ya Daraja

Mliokwishafungua ratiba mmeona kwamba baada ya neno "Kuzaliwa" pameachwa nafasi tupu. Si kosa la mchapaji. Ndivyo tulivyomwagiza, na mimi, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, nimeombwa niwaeleze sababu.

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Mama Magofu, alikuwa mtoto wa kwanza wa wazazi wetu. Vyeti vyake vinasema tarehe 1 Januari 1950. Tarehe hiyo karani wa shule aliwagawia watoto wote waliokuja bila cheti, ndiyo maana nusu ya darasa lao walizaliwa siku moja. Mama yetu hakujua kusoma, lakini jambo moja alikuwa na uhakika nalo: alishikwa na uchungu wakati wageni wanakata utepe wa daraja la chuma, na jua halijazama mtoto alikuwa mkononi. "Siku ya daraja," ndivyo alivyojibu kila alipoulizwa. Kibao cha shaba cha pale darajani, chenye tarehe ya ufunguzi, kiling'olewa zamani na wauza vyuma chakavu, na mafaili ya ofisi ya ujenzi yaliliwa na mchwa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958, akaingia chuo cha ualimu mwaka 1969 na kuhitimu mwaka uliofuata. Alifundisha historia tangu Januari 1971 hadi alipostaafu mwishoni mwa 2009. Nadhani kutafuta siku yake mwenyewe ndiko kulikomtia ugonjwa wa kutafuta siku za kila kitu. Hakuna gofu katika mkoa huu ambalo hakulifikia: stesheni iliyoota majani, visima vya mawe, makaburi ya wajenzi wa reli, ambayo aliyafyeka kwa panga lake. Sisi wa nyumbani tulikuwa tunamkwepa. Ukimwona dada amevaa raba siku ya Jumamosi, kichwa kinakuuma ghafla.

Habari ya kusikia hakuitaka kabisa. "Umeiona, au umeambiwa?" alikuwa akiuliza. Safari moja aliwapeleka wanafunzi mlimani kuona ngome ya kale. Akiwa katikati ya kueleza walipokaa walinzi, mzee jirani wa pale akakohoa. "Samahani, mwalimu. Hili nimelijenga mimi. Ni zizi la mbuzi." Dada akawageukia watoto: "Futeni ngome. Andikeni zizi." Jumatatu alisimama mbele ya shule nzima akayarudia maneno hayo.

Tarehe 7 Agosti 1976 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi bomba, wakajaliwa watoto watatu. Fungate lao liliishia pangoni wakitazama michoro ya kale, na shemeji mpaka leo anadai hakuulizwa.

Ukame wa mwaka 2022 uliukausha mto ukabaki vidimbwi, na nguzo za daraja zikaonekana hadi chini. Baba yetu, ambaye ujanani alibeba mawe ya daraja lile, aliwahi kumwambia dada kwamba tarehe ya ufunguzi ilichongwa kwenye jiwe la nguzo ya katikati. Dada akaenda na shemeji. Shemeji alibaki ukingoni ameshika viatu vya mkewe, maana magoti yalimkatalia kuteremka. Dada alikwangua matope kwa kijiko cha jikoni, akasoma, akakaa pale muda mrefu. Alipopanda macho yalikuwa mekundu, na huku anacheka.

"Linasemaje?" shemeji akamuuliza.

"Linasema nilizaliwa. Ukitaka kujua lini, shuka ukasome."

Hakumwambia mtu. Wanawe walimwomba, nami nilimbembeleza kwenye simu. Jibu lilikuwa lilelile: "Twendeni wote, mkaone." Kila mmoja wetu alisema wiki ijayo.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua. Alitibiwa katika hospitali ya mkoa, na hata akiwa kitandani alimhoji muuguzi ile wodi ilijengwa mwaka gani. Alifariki dunia alfajiri ya Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, akiwa ameshikwa mkono na binti yake mkubwa.

Juzi mchapaji alitaka tarehe ya kuzaliwa. Mmoja wetu akasema tuweke Januari mosi, yaishe. Badala yake tukaingia magarini, familia nzima, tukaenda darajani. Ilikuwa safari yake ya kwanza ambayo hakuna aliyeikwepa, na mwenyewe hayupo. Mvua zilikuwa zimeujaza mto, na maji ya tope yanapita juu ya lile jiwe. Shemeji alivua viatu akaingia hadi magotini, ikabidi tumshike tumrudishe. Inauma, ndugu zangu. Inauma sana.

Kwa hiyo nafasi imebaki wazi, na fundi wa kaburi naye tumemwambia aache mahali pa kuchonga. Uongo wa karani hatukuweza kumzika nao.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba na mimi mdogo wake.

Lala kwa amani, dada. Kiangazi kikifika tutashuka wote, shemeji tutambeba, na tutasoma wenyewe.