Kaka Yetu na Mteremko Aliotuambia Unasogea

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, wa kwanza kati ya watoto watatu. Mama alisema alianza ubishi kabla ya kuota meno.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, akamaliza sekondari mwaka 1987, kisha akaingia chuo cha upimaji wa ardhi. Barua zake kutoka huko zilikuwa na michoro mingi kuliko salamu.

Aliajiriwa idara ya upimaji mwaka 1992. Kazi iliyomteka moyo ni ya rada. Ndege ndogo hupita juu ya ardhi ikipiga picha kwa rada, hata penye mawingu; baada ya miezi hurudi kwenye njia ileile. Picha zikilinganishwa, ardhi iliyosogea hujulikana.

Alifunga ndoa tarehe 11 Agosti 2001. Siku hiyo alimrudisha mpiga picha asimame palepale mara ya pili, ili aone kilichobadilika. Wifi akasema mbele ya wageni, "Kitakachobadilika hapa ni bwana harusi!"

Mwaka 2015 alitangaza kwamba mteremko ulio nyuma ya mtaa wetu umesogea. Tulihama nyumba, tukalala madarasani siku tisa, sisi na kuku wa jirani. Kumbe mvua ilinyesha kati ya safari mbili za ndege, na udongo uliolowa ukaivuruga picha. Mlima haukwenda popote. Alipita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Watu wakambandika jina Bwana Mteremko, nami nikacheka nao.

Mwaka juzi akaja tena, na picha tatu, zote za kiangazi. Ardhi nyuma ya jiko langu ilikuwa imeshuka sentimita nne.

"Mdogo wangu, hama."

"Kaka, niache nipumue."

"Safari hii si mvua. Nimeangalia mara kumi na mbili."

"Hata ile ya kwanza uliangalia!"

Alinichosha. Kila Jumapili ni hama, hama, kama hana salamu nyingine.

Januari figo zilianza kumsumbua. Kitandani hospitalini, badala ya kueleza maumivu yake, aliniuliza kama mlango wa jikoni bado unafungika. Nilimwambia unafungika vizuri. Wakati huo nilikuwa nikiusukuma kwa bega. Alifariki Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, saa nne asubuhi.

Ameacha mke, mabinti wawili, wadogo zake wawili, na nyumba kumi na moja chini ya mteremko. Juzi rubani aliyefanya naye kazi alituletea picha mpya. Ni sentimita kumi na moja sasa. Mimi nimehamia kwa wifi jana. Majirani zangu, nawaona hapo safu ya tatu, na msiniambie mtafikiria. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini yenu bado mazima.

Kaka, nilikudanganya kuhusu mlango, na ninaona aibu. Pumzika kwa amani. Kuanzia leo watasumbuliwa na mimi.