Mbuzi wa Dadamu na Chembe Zisizoonekana

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na sita ya kutunyima usingizi wa mchana, Dkt. Kamisi Yakani anastaafu kutoka maabara yetu ya kemia hapa Arua na kurudi kwao Midia, Koboko. Hatuna hakika kama Midia imearifiwa.

Alikuja kutengeneza nanochembe: chembe za madini ya fedha, ndogo kiasi kwamba maelfu hujipanga kwenye upana wa unywele mmoja. Huchemsha majani, huchuja maji yake, huyachanganya na chumvi ya fedha iliyoyeyushwa, kisha husubiri rangi igeuke kahawia. Kazi hiyo ilimpa vidole vyeusi na tabia mbaya. Ukimkaribisha nyumbani hamtazami mtoto wako mchanga. Anatazama ua wa michongoma. Wangu una pengo hadi leo, nami nilishukuriwa mwishoni mwa makala yake, kwa jina la mtu mwingine.

Siku moja, msibani Dadamu, alionekana nyuma ya makaburi akichuma majani huku wenzake wakiomba. Wazee wakamweka kati. Kwa busara zake za kawaida, akawapa mhadhara. Mzee Candia alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kama iko kidogo namna hiyo, wewe unaona na nini?" Hadubini ya kuzionea iko Kampala. Akatozwa mbuzi.

Mafanikio yapo. Aliwahi kuwaonyesha wageni chembe zake zikifuta rangi kwenye maji machafu, halafu zikarudia kazi ileile bila kupungua. Hicho ndicho kichocheo: kitu kinachoharakisha kazi bila chenyewe kuchakaa. Sisi wengine hatuharakishi chochote na bado tunachakaa.

Lakini kilichomzeesha ni bandeji yake ya vidonda, iliyopakwa chembe hizohizo. Wachuuzi wa Vurra waliitaka sokoni siku hiyohiyo. Yeye akang'ang'ania ijaribiwe kwanza kwa wagonjwa. Kibali kilikuja kwa mwendo wetu tuujuao, yaani mwaka jana. Nusu ya wagonjwa wangepata bandeji yake, nusu ya kawaida, na yeyote asijue nani kapata ipi, hata Daktari mwenyewe. Wa kwanza kujiandikisha, na kidonda cha mguu kilichokataa kila dawa, alikuwa Mzee Candia.

Kidonda kimefunga. Sista Annet, muuguzi wetu, alipiga vigelegele. Sisi tukanunua soda. Daktari peke yake alikunja uso: huenda ni ile ya kawaida, tusubiri matokeo yafunguliwe Septemba. Yaani yeye akiwa ameshaondoka.

Wiki iliyopita Mzee alikuja maabara kwa miguu, akivuta mbuzi. Akapandisha suruali.

"Mimi naona," alisema. "Wewe bado?"

Daktari aliutazama mguu ule, akapenga kamasi, akakataa mbuzi mpaka Septemba. Mbuzi amefungwa nyuma ya maabara, na kitalu cha majani ya utafiti hakipo tena.

Daktari, asante kwa kutufundisha kusubiri. Ukapumzike Midia kwa afya na amani, uziache nyua za majirani. Septemba tutakuletea matokeo, yawe matamu au machungu. Mbuzi tutamleta vyovyote vile. Mzee Candia amesema huyo ni wako.