Shafti Iliyopiga Mluzi: Mzee Syauswa Anastaafu

Tunawaomba radhi wasomaji wetu. Jarida hili halijatoka tangu mwaka 2000, kwa kuwa karatasi ilikuwa ikikwama njiani pamoja na waliokuwa wakiibeba. Linarudi kwa sababu njema: tarehe 30 Juni 2003, Mzee Stanislas Syauswa atastaafu baada ya kukitumikia kituo chetu cha umeme, hapa Butembo, kwa miaka thelathini na miwili.

Aliajiriwa mwaka 1971 kusafisha mfereji, akapanda hadi kuwa mkuu wa mafundi. Asubuhi ya arusi yake alipitia kwanza mtamboni, na mkewe, Mama Kanyere, hajaisahau habari hiyo.

Mwaka 1998 shafti, yaani chuma kinachounganisha gurudumu la maji na jenereta, ilikatika. Shafti mpya ilikuwa Kampala, na njia ilikuwa imefungwa. Ile ya zamani ilichomelewa Beni, katika karakana moja ya Bungulu, ikarudi na kovu. Kila mtu alijua kwamba kinu cha kahawa kikiwashwa wakati madaktari wanapasua, ingeweza kukatika tena na kuiacha hospitali gizani. Hakuna aliyejua ni mzigo kiasi gani ungeikata.

Mzee Syauswa aliamua kuupima msokoto wake. Vipimo vya namna hiyo huuzwa Ulaya kwa bei ya gari. Yeye alichomoa vihisi vya uzito ndani ya mizani mbovu ya watoto wachanga, akavigundisha kwenye shafti. Kwa kuwa shafti huzunguka na waya wowote ungejiviringisha hadi ukatike, alifunga hapo hapo kirusha mawimbi kidogo chenye betri, kilichosikika redioni kama mluzi. Shafti ikisokotwa zaidi, mluzi ulipanda, ikipumzika, ulishuka. Redio yoyote ya mkononi iliunasa, na ukipanda mno, kinu kilizimwa.

Jaribio la kwanza lilikosea. Ili ajue mluzi upi ni mzigo upi, alining'iniza gunia la maharage la kilo hamsini kwenye mtaimbo uliofungwa shaftini, bila kujua kwamba Mama Kanyere alikuwa amelichota wiki nzima kwa ajili ya jikoni. Tangu hapo alipima kwa madumu ya maji.

Mwaka 2001, wakati ambapo mwenye redio ya kurushia alihesabiwa kuwa mpelelezi, askari waliusikia mluzi katikati ya muziki wa redio yao, wakaja. Nanukuu kama yalivyosemwa.

"Mzee, hii kintu iko nasema na nani?" aliuliza kamanda wao.

"Na mimi tu, chef. Iko naniambia kama mashini imechoka."

Mzee alimpa redio aishike mwenyewe, akaagiza kinu kiwashwe. Mluzi ukapanda, ukapanda.

"Tukiongeza kidogo tu, chef, maternité, kule wamama nazala, inaingia mu giza."

Kamanda alirudisha redio, akaomba mluzi uhamishwe mbali na muziki wake. Ulihamishwa siku hiyo hiyo.

Kovu lile halijafunguka kwa miaka mitano. Shafti mpya iliwasili mwezi Mei na imelala ghalani. Mzee alipoulizwa kuhusu zawadi, alikataa saa ya ukutani, akaomba shafti kuukuu. Tatizo ni kwamba bado inazunguka. Kuitoa kunahitaji siku mbili bila umeme, na kamati haijakubaliana na madaktari.

Asante, Mzee, kwa kila taa iliyowaka. Tunakuombea wewe na Mama Kanyere afya njema na usingizi usio na mluzi. Umesema redio itabaki mfukoni mwako hadi shafti itolewe, na hakuna aliyethubutu kukubishia. Kamati itakapoamua tarehe, nitawaandikia.