Mlinzi wa Bomba la Ibanda

Wazee wetu, majirani na Wakristo mliofika, mimi ni Ithungu, binti wa marehemu, nasoma kwa niaba ya familia kwa sababu mama hawezi kusimama.

Baba yetu, Bwambale Tefiro, alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Bwera, mtoto wa pili wa bibi yetu Alisi, akasoma hukohuko hadi darasa la saba, na mwaka 1990 akahamia hapa Ibanda kulima kahawa. Tarehe 6 Agosti 1994 alifunga ndoa na mama yetu Ronah, wakajaliwa watoto watano.

Mwaka 2016 kampuni ya kokoto ilianza kupasua mwamba juu ya kijiji, chemchemi yetu ikakauka, na baba akaajiriwa kubeba mawe. Tarehe 9 Novemba 2018 kampuni ilituletea bomba kama zawadi, baba akachaguliwa kuwa mlinzi wake, akapigwa picha akinywa glasi ya kwanza, na akatia sahihi kwa niaba yetu sote kwamba maji yamerudi.

Maji yalitoka siku kumi na moja. Kampuni ilipoulizwa ilionyesha ile sahihi, na ninyi majirani, nasema bila ubaya, mkamgeukia yeye. Kila asubuhi alifungua kufuli, akazungusha koki, akasubiri, akafunga, na waliokuwa wakishuka mtoni walimwuliza, "Mzee wa Bomba, leo iko maji?" naye akajibu, "Bado, lakini watu wa kampuni watakuja." Karo ambayo kampuni ilimwahidi mtoto wa mlinzi haikuja pia, nikaacha shule kidato cha pili mwaka 2022, na hata asubuhi niliyoacha alikwenda kufungua.

Mwezi Mei mwaka huu alishikwa na homa ya matumbo, kwa maji ya mto tunayokunywa sote, shangazi Yudesi akampeleka Bwera akalazwa, na akafariki Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa kumi jioni. Siku mbili kabla aliniuliza nani anafungua bomba, nikamwambia ni mimi, na haikuwa kweli.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, shangazi, majirani waliochimba kaburi, wenzake wa mawe, na kampuni kwa kreti mbili za soda. Picha iliyo juu ya jeneza tumeikata kwenye kalenda ya kampuni, kwa kuwa hatuna nyingine. Ufunguo tumeutia mfukoni mwake, maana kamati ya maji ya kijiji imekataa kuupokea.

Baba, pumzika. Kesho usiamke kwenda kufungua.