Mukono Wenye Kutetemeka

Bandugu, batata na bamama, mbele niseme, muangalie uyu mukono wa kushoto. Ulibakia kidogo uniue, na njo unanisimamisha apa.

Mafigo yangu ilikufa. Docteur alinikata apa, akaunga mishipa mbili, juu damu ipite na nguvu, mashini ya dialyse ipate kuisafisha. Ukiweka vidole unasikia kutetemeka, sawa nyuki beko ndani. Balinifundisha: ile kutetemeka njo uzima.

Basi mama akatoka kwabo Kasaji, akakuya uku kwetu Kapata kuniona. Akanikamata mukono juu aniombee. Weee! Akaruka. "Mutoto wangu, balikuloga, balikutia kintu!" Nikamueleza. Wapi! Mama akiona mutoto iko nakauka, mikono yake haikae bure. Mi nilikuwa na homa, nalala. Akafunga ile fasi na kitambaa cha maombi, nguvu, sawa vile banafunga tumbo ya mama mwenye kuzaa. Asubui akagusa: "Aksanti Yezu, kimetulia!" Na mi, bandugu zangu, nilisema amina.

Ku dialyse, infirmière, muuguzi wa pale, akaweka vidole, hakusikia kintu. "Tata, nani alifunga apa?" Docteur akasema mushipa ulikuwa ulianza kufinana, njia ya damu inakuwa kadogo, kitambaa kikamaliza kuufunga.

Damu haikupita tena ku mashini. Nikavimba miguu, nikavimba uso. Kulala siwezi, naikaa tu sawa mutu mwenye kulinda maiti, na maiti njo mi. Mama eko chini ku mulango, hakule: "Mi njo naua mutoto wangu." Nawaambia kweli, niliomba Mungu anikamate, tumalize.

Infirmière njo alikataa nikufe. Alipigia docteur wa Lubumbashi simu paka akaitika, na ninyi bandugu wa kanisa mukatupakia mu gari. Kule bakapitisha kamupira kadogo mu mushipa, bakakavimbisha, njia ikafunguka. Docteur akaita mama aguse. Mama anaogopa. Akaweka vidole. "Iko nalia sawa nyuki," akasema, na machozi ikaanguka ku mukono wangu.

Aksanti kwenu, aksanti kwa ule infirmière. Wenye mafigo, munisikilize: usibebe mufuko na ule mukono, usiulalie, usivae kintu cha kukaza. Kila asubui weka vidole. Mukono ukinyamaza, usiseme amina! Kimbia ku hospitali ile siku.

Mushipa unaweza kufinana tena, docteur alisema. Naogopa, sifiche. Lakini kila asubui mama anakuya ku kitanda yangu. Haniulizake nililala namna gani. Anawekaga vidole, anafunga macho, anangoja. Leo pia aliweka. "Iko nalia," akasema. "Amuka, twende kanisani."