Bi Sindano Anaondoka na Jiko Lake la Shaba

Hakuna mtu chini ya jua hili anayewasha jiko la mafuta ya taa kunishinda mimi. Mvua ikininyeshea nikiwa kazini, inayozimika ni mvua. Ndiyo maana meneja amenipa mimi ukurasa huu wa jarida la kampuni, ingawa mpishi mkuu anadai ni kwa sababu wengine wote walijificha.

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Bi Sindano, mtunza majiko wa kampuni yetu ya kupeleka wageni kwenye kambi za mlimani, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja. Jina alilipata kwa ile sindano nyembamba kama unywele anayoichomeka kwenye kilemba, ya kuzibulia kitundu cha jiko kinachorusha mafuta. Asiyemjua akimkumbatia, anamjua.

Alianza kama mwosha sufuria. Siku moja jiko la shaba liligoma kambini, wageni wanatetemeka, na wanaume watatu wakalipampu kama wanajaza upepo tairi la lori. Yeye akalifungua, akaitoa ngozi ya pampu iliyokauka kama kisigino, akailainisha kwa mafuta, akairudisha. Wageni wakanywa supu, na sufuria zikatafutiwa mwoshaji mwingine. Jiko hilo bado analo. Tulipomuuliza anataka zawadi gani, alilitaka hilo tu.

Sheria zake tunaziota. Tangi lisijazwe hadi mdomoni, jiko nalo lipate pa kupumulia. Washa spiriti kwanza, kichwa cha jiko kipate moto, ndipo upampu. Asiyesubiri atavuna moto wa njano na nyusi zilizoungua. Jiko la moto haliongezwi mafuta. Wala haliwashwi ndani ya hema: mpishi mkuu alijaribu mara moja, akatolewa nje kwa ukosi, jiko likiwa limetangulia.

Kutulia hajui. Kila asubuhi ya safari huyawasha majiko yote uani, akazunguka katikati yake akisikiliza, kama mama mwenye watoto wengi wenye kikohozi. Chai ya ofisi nzima huchemshiwa hapo, na jiko moja likikohoa, hanywi mtu. Meneja mwenyewe amewahi kuzunguka na kikombe kitupu hadi wapagazi wakamwonea huruma.

Mimi huniita mjukuu, na mjukuu hula matusi ya kila siku. Wiki yangu ya kwanza aliniambia, "Mjukuu, ukinichokonolea kitundu kwa sindano ya kushonea, nitakuchokonoa wewe." Nimejifunza yote. Jumatatu majiko ni yangu na kundi la wageni linapanda. Siogopi. Ni kwamba tu tangu jana sikai kwenye kiti, nafungua pampu, nafunga, nafungua tena.

Bibi, wapishi, wapagazi na madereva wanakushukuru. Tunakutakia maisha mema, magoti yasiyolalamika na chai unayochemshiwa na wengine.

Ndani ya boksi lenye utepe hapo mezani ndimo lilimo jiko lako. Nimeling'arisha mpaka unaweza kujitazamia. Jana nililijaribu, likakohoa. Sindano yako ilikuwa kilembani kwako, na mimi sikutaka uone nimeshindwa, nikachukua ya kushonea. Kitundu kimepanuka. Linawaka njano, Bibi, na spea ya jiko hilo haitengenezwi tena.