Mawe Yaliyopakwa Chokaa

Ukitaka kujua kijiji kinaumwa wapi, usiende ofisini kwa katibu. Huko utaambiwa mambo yote mazuri. Nenda njiapanda, pale barabara ya Machochwe inapoachana na ile ya Ikoma, ukakae kwenye gogo la Kezia. Mti wenyewe uliangushwa mwaka wa Operesheni, watu walipohamishwa na kupangwa kwa mistari kama mahindi, ukakosa wa kuupasua kuni, ukawa kiti. Kezia ni mtu wa Tarime, na kahawa yake ilitoka shambani kwa baba yake hukohuko, kali, ya kumtoa mtu usingizi wa juzi. Jioni ile ya Ijumaa walikuwa wamekaa wale wa kila siku: Koplo Kisyeri, aliyerudi kutoka vita vya Wazungu na koti moja na amri nyingi, Athanas, aliyeitwa Redio kwa sababu alikuwa nayo, na kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa na pa kumzimia, Joram, jina lake la kijiweni Kesho, maana hapana kazi aliyopata kuimaliza leo, na Mokami, balozi wa nyumba kumi, ambaye kikombe chake kilikuwa kimepoa mkononi na hana habari.

Mokami alikuwa na lake moyoni. Katikati ya kijiji mpima viwanja aliacha eneo la bustani, watoto wacheze na wazee wapunge upepo. Bustani gani! Miiba, mizoga, na fisi aliyehamia humo kana kwamba naye kagawiwa kiwanja. Fisi yule alishakula mbuzi wa watu, na juzijuzi alimfukuza binti wa Esta na ndoo yake ya maji mpaka mlangoni. Hakuna aliyemtuma Mokami. Alisimama mwenyewe mkutanoni akasema Jumamosi tutaisafisha kwa kujitolea, na watu wakampigia makofi. Kwa uchu wa kazi hakuingoja hiyo Jumamosi. Alitangulia na ng'ombe wake wa jembe, akachoma upande wa juu, akayakokota mawe yote yaliyokuwa humo, akasawazisha ardhi, halafu yale mawe akayapanga kando ya njia, huku na huku, akayapaka chokaa iliyobaki shuleni. Yakapendeza kweli, asikudanganye mtu.

Sasa asubuhi ya Ijumaa hiyo Waitara, ambaye nyumba yake inapakana na bustani, alirudi na watu wake wote kutoka Tarime walikokwenda kuozesha binti. Akasimama njiani, akayatazama mawe, akamtazama Mokami.

— Balozi, alisema polepole, umemtoa baba yangu kaburini ukampanga barabarani apigiwe saluti?

Hapo ndipo Mokami alipojua. Pale palikuwa mahame ya kina Waitara, walipoishi kabla kijiji hakijapimwa. Na mzee wao, kama wazee wengi wa Kikurya, alizikwa kwenye zizi lake mwenyewe, akarundikiwa mawe. Mokami ni Mwikoma, aliletwa na lori la Operesheni kutoka kwao. Yeye aliona mawe, hakuona kaburi. Alitaka kueleza. Waitara hakumpa nafasi.

— Kesho nitakuja kwenye kazi yako, mimi na ndugu zangu wote. Majembe hatubebi.

Akaenda zake. Tangu hapo Mokami hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata mkewe.

— Mnaona kule? alisema Redio, akiashiria kwa kidevu nyumba za kina Waitara. Saa hizi kwa kawaida ni kelele tupu. Leo hata mtoto halii.

— Wamelala, alisema Kesho. Watu wanachoka.

— Wanaume wazima walale jua linawaka? Mura, kijana wewe, acha utani.

— Basi wanasusa, alisema Koplo. Na wakisusa wao, kesho hutapata mtu, Balozi. Utafyeka wewe na mimi na huyu Kesho, ambaye atakuja Jumatatu.

Kesho akacheka. Mokami hakucheka. Alitamani wasuse. Wangesusa angefurahi.

— Mimi ninajua kinachowaudhi, alisema Redio, akasogea mbele. Nimekaa nikapiga hesabu. Bustani ile ikishasafishwa haiwi bustani tena, inakuwa kiwanja cha ndege. Watalii watashukia hapa hapa, wasihangaike mpaka kule mbugani. Na Waitara nyumba yake ndiyo ya kwanza pembeni. Ataamka asubuhi Mzungu anampiga picha akipiga mswaki.

— Nani kakwambia?

— Huambiwi, unaunganisha. Kwa nini mawe yale yamepakwa chokaa? Ndege hutafuta nini ikiwa juu? Si kitu cheupe?

Mokami akakizungusha kikombe mkononi, asinywe.

— Wacha bwana, alisema Koplo. Ndege umeziona wapi wewe? Mimi nimekuwa Burma. Mistari miwili ya mawe meupe si ya watalii. Ni ya jeshi. Hapo panashushwa mizigo, na mizigo ikishashushwa, kijiji chote kinahamishwa tena. Mara ya pili! Waitara si mjinga, kashanusa.

— Tuhamishwe tena? aliuliza Kesho. Mimi choo changu sijakimaliza.

— Choo chako hata vita ya tatu ikija haitakikuta kimekwisha.

— Haya, chekeni, alisema Kesho. Lakini mnapiga kote, panapouma mnaparuka. Neno lenyewe ni fisi.

— Fisi amefanya nini tena?

— Fisi yule amekula mbuzi wa nani? Wa Esta. Wa Koplo. Kuku wangu. Wa Waitara je? Hata mmoja! Jiulizeni. Yule si fisi wa porini, ana mwenyewe. Kesho tukifyeka tunambomolea mtu banda. Unadhani atakaa kimya?

— Ee Mungu! alisema Kezia kutoka jikoni kwake, mwiko mkononi. Waitara anafuga fisi! Mkitoka hapo mtasema mkewe anamkamua maziwa.

— Kezia, wewe mimina kahawa, alisema Redio. Haya ni mambo ya kisiasa.

Wakacheka wote, na kicheko kikakatika ghafla, kwa sababu Mseti, mdogo wake Waitara, alikuwa anapita. Alibeba kitita cha mapanga begani, kafunga kwa kamba ya katani kama kuni. Alikuwa anaelekea kwa fundi mwenye jiwe la kunolea.

— Mseti, habari ya jioni, mura! Koplo alimpigia kelele.

Mseti hakujibu. Alipita mbele yao, karibu kabisa, macho yake kayapachika kwa Mokami, akaenda. Huko kwetu mtu anaweza kukukopa asirudishe, mkaonana na mkacheka. Lakini kukupita kijiweni bila kukusalimia, mzee kama Koplo kamwita kwa jina, hilo si jambo dogo.

— Yale mapanga ni ya kufyekea, alisema Kesho taratibu.

— Yote yale? aliuliza Redio.

Kezia alitoka na birika, akainama kumwongezea Mokami, akakuta kikombe kimejaa.

— Balozi, hujagusa kahawa tangu umekaa. Na Mseti alikuwa anakutazama wewe, si mwingine. Una nini?

Hofu ina ukomo wake; ikipita hapo inamwagika yenyewe. Mokami aliwaambia. Aliwaambia habari ya mawe, na neno la Waitara la kuja bila majembe, na kwamba hakujua, naapa kwa mama yangu sikujua, ningejua ningeligusaje kaburi la mtu? Na mimi wazazi wangu niliwazika, nikawaacha kule nilikotolewa, sijui nani anayapita makaburi yao leo.

Redio aliinuka, akakaa tena.

— Lo! alisema Koplo. Wewe mtu wewe. Hukuuliza?

— Nimuulize nani? Mpima kasema ni bustani. Mwenyekiti kasema ni bustani. Mimi nikaona mawe.

— Ungeuliza mzee yeyote wa Kikurya. Ungeniuliza mimi! Rundo la mawe kwenye mahame, hata mtoto wa kuchunga analizunguka kwa mbali. Halipitiwi juu. Wewe umelifunga mnyororo ukalivutia ng'ombe!

— Koplo, mwache, alisema Kezia. Huoni anavyotetemeka?

— Atetemeke. Kesho watatetemeka wengi.

— Twende polisi Mugumu, alisema Redio. Waje walinde kazi.

— Polisi waje walinde nini? Koplo aliwaka. Walinde mawe ya baba yake Waitara, Waitara asiyafikie? Una akili wewe? Hapo ndipo damu itakapomwagika kweli. Watakuja na wa ukoo wao wa Tarime, na wengine wa ng'ambo ya mpaka, kule Sirari. Hapana. Mawe yanarudi.

— Yanarudi, alisema Mokami haraka. Nilitaka kusema hivyo hivyo. Nitayasugua chokaa yote itoke.

— Na mbuzi, alisema Koplo. Unatoa mbuzi. Na pombe wapike wake zao wenyewe, mtama utoke kwako. Kisha Waitara akishafungua kazi kwa mkono wake, akakata tawi la kwanza, kazi ya bustani iendelee pembeni, na pale kwa mzee panazungushiwa ua. Nani atakataa? Hata Waitara bado ana binti mwingine wa kuogopea fisi.

— Nitatoa mbuzi wawili.

— Mmoja anatosha, usijifanye tajiri.

— Nami nitalitangaza, alisema Redio. Mlango kwa mlango, kila mtu ajue Balozi hakukusudia.

Wakamgeukia Kesho. Kesho alikuwa keshasimama, anakunja suruali.

— Mnanitazama nini? alisema. Twendeni tuyabebe. Sasa hivi, kabla Mseti hajarudi kutoka kwa fundi.

Mokami alimwangalia Joram yule, ambaye paa lake lilikuwa linavuja mwaka wa pili. Kumbe na yeye Balozi ana ndugu hapa. Tangu ashushwe na lori katika kijiji hiki hakuwahi kuona hivyo. Kezia akaacha birika mekoni, akajifunga kanga kiunoni, akasema na yeye anakwenda, jiwe halichagui mwanamke. Wakavuka barabara wote watano, wakafika penye jiwe la kwanza la mstari. Kesho akainama, akalikumbatia, akalinyanyua, chokaa ikamjaa kifuani.

Ndipo walipomwona Bibi Rhobi, mama yake Waitara. Alikuwa anakuja kutoka upande wa bustani, peke yake, fimbo inamtangulia kutafuta njia, maana macho yake yalishaingia ukungu. Miguu yake ilikuwa myeusi kwa majivu mpaka magotini.

— Shikamoo, mama, walisema karibu pamoja.

— Marahaba, wanangu. Balozi yuko hapa?

— Nipo, mama.

— Njoo karibu nikusikie.

Mokami akasogea. Alitaka kupiga magoti, akabaki kainama nusu kama mtu aliyeangusha kitu.

— Mama, nisamehe. Sikujua. Tunayarudisha mawe sasa hivi. Yote. Ona, Joram keshabeba moja.

— Nimesikia. Mnasema kwa kelele nyinyi. Mimi sina ugomvi na wewe. Nimemwambia Waitara, yule ni mgeni, mgeni haoni. Waitara ana hasira, lakini mimi bado ni mama yake. Ameniambia, mama, nenda ukamuulize Balozi neno moja. Akikujibu, kesho nakuja na jembe, na ndugu zangu nao majembe.

— Uliza, mama! Koplo alidakia. Uliza, atajibu. Tutajibu wote.

— Mnayarudisha wapi?

Mokami akanyoosha mkono kuelekea bustani, kwenye ule upande wa juu alioufyeka kwa mikono yake, akauchoma, akausawazisha na ng'ombe mpaka ukawa sawa kama sakafu.

— Pale, mama.

— Pale wapi? Pale palikuwa na zizi lenye ukuta wa mawe. Palikuwa na jiko langu, mawe. Palikuwa na misingi ya maghala, mawe matupu. Na mume wangu. Mimi sioni vizuri, mwanangu. Nilikuwa naenda napapasa, ule ukuta, halafu mlango wa zizi, halafu yeye, nikimfikia najua nimefika, nakaa naye kidogo. Leo nimekwenda. Nimepapasa tangu mchana, mpaka nimechoka. Ni majivu tu. Yuko wapi?

Mokami alitazama ile ardhi. Alijaribu kukumbuka ng'ombe walianzia wapi, rundo lipi walilivuta kwanza, lipi lilikuwa ukuta na lipi lilikuwa mtu. Akamtazama Koplo. Koplo alikuwa anatazama viatu vyake. Redio alikuwa anayahesabu mawe ya mstari kwa kidole. Kesho bado alikuwa amelikumbatia lile jiwe, jasho linamtoka, hajui aende nalo upande gani wala alitue wapi.

— Nijibu tu, mwanangu, alisema Bibi Rhobi. Sitakupigia kelele.

Machozi yalikuwa yanamshuka Mokami, na hakuyafuta. Kezia akamshika bibi mkono, akamwongoza mpaka kwenye gogo, akamkalisha. Bibi Rhobi akaweka fimbo katikati ya magoti, akaugeuza uso wake kule aliposikia pumzi za Balozi, akamsubiri.